Pa Kugeuzia

Mara ya kwanza niliandika hivi, rangi nyeupe juu ya ubao wa msindano:
NJIA RAHISI. KARIBUNI NYOTE.
Nikarudi nyuma hatua tatu, nikajisifu;
herufi zimekaa kama wanafunzi mstarini.

Ilikuwa baridi ya Juni, ile inayong'ata masikio.
Ukungu umeteremka Loleza hadi mapaa ya Forest ya Zamani,
na huko chini, barabara kuu, malori ya Tunduma yanakoroma.
Ndipo akaja Subilaga
na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono,
shuka kiunoni, chupa ya chai ubavuni.
Akakisoma kibao. Akakisoma tena.
"Nyote," akasema, "ni kina nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na brashi.

"Ngazi zipo?"
Chache.
"Chache ngapi?"
Chache tu, dada, za kawaida.
"Kawaida ya miguu ya nani?"

Basi tukaenda kuhesabu,
mimi na futi ya fundi, yeye na mabega yake.

Langoni, kati ya nguzo na nguzo, sentimita themanini.
Baiskeli yake, themanini na nne.
Nguzo ziliwekwa kuzuia bodaboda;
bodaboda zikachonga njia yao pembeni tangu wiki ile ile.
Niling'oa moja. Haikunisumbua hata kidogo,
kama jino la mtoto lililokuwa linasubiri.

Udongo mwekundu, umeshindiliwa, unapitika.
"Leo," alisema. "Januari je?"
Nikaandika: Januari hadi Aprili, utelezi wa mlenda.
Mizizi ya mkaratusi, minne, imevuka njia kama mishipa ya mkono wa mkulima.
Nikaandika.
Darajani gurudumu la mbele lilizama kati ya mbao.
Nilikimbilia kumwinua; akaninyooshea kiganja, subiri.
Akajinasua mwenyewe, taratibu, jasho kwenye baridi ile.
Kisha akapima pengo.
"Vidole vitatu. Andika."

Wiki iliyofuata alipita Lwitiko, wa kidato cha pili,
na fimbo yake nyeupe.
Alipapasa kibao changu kutoka kona hadi kona.
"Ubao mzuri," akasema, "laini. Umeandika nini?"
Usiku huo niliazima patasi kwa jirani
nikachimba kila herufi hadi kidole kitumbukie.
Jioni tatu. Mke wangu aliuliza kama nachonga jeneza.

Lakini nataka kusema habari ya ule msuku mkubwa.
Mita mia sita na arobaini kutoka langoni.
Mbele yake, ngazi thelathini na moja, mawe, hakuna pa kushika.
Pale nilishapanga maneno: MWISHO WA NJIA KWA
na kabla sijasema kwa nani
Subilaga alinishika mkono wenye chaki.
"Njia haijaisha. Naiona inavyopanda.
Andika *pa kugeuzia*."

Nikaandika. Tukanywa chai kwa kifuniko, kwa zamu.
Upepo ulipita kwenye misindano na sauti ya mchele unapopepetwa,
ukungu ukafunguka kidogo upande wa Uyole,
mabati yakang'aa, viazi vikaonekana mistari kwa mistari.
Alitazama muda mrefu. Mimi nilitazama ngazi,
nikizihesabu upya, kana kwamba zingepungua.

Choo: mlango unafungukia ndani, bado hatujaurekebisha.
Maji: hakuna, njoo nayo.
Ukikwama, piga kelele; nyumba ya mlinzi ni karibu, naye si kiziwi.
Hayo yote yamo ubaoni sasa, hayavutii,
na bwana misitu amesema yatafukuza wageni.

Siku ile aligeuza baiskeli yake chini ya msuku
mbele, nyuma, mbele, nyuma,
mara nne, gurudumu likisugua gome.
"Pembamba," akasema akihema. "Andika na hilo."